Ni Mimi, au ni Tezi?

Mtu akitenda ubaya wakati damu yake imevurugwa na ugonjwa asioujua, je, ubaya ule ni wake? Swali hili nimelibeba kwa zaidi ya miaka 20. Nimelipeleka kwa watu wa dini, nimelipeleka kwa madaktari, na siku moja, kwa ujinga wangu, nililipeleka kwa mtu yule yule niliyemtendea ubaya. Naomba msomaji anivumilie nilieleze tangu mwanzo, maana swali lisilo na kisa chake ni kama dawa isiyo na maelezo, na kuhusu dawa za namna hiyo nitakuwa na neno baadaye.

Mwaka 2003 nilikuwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Sitakitaja chuo, kwa kuwa niliofanya nao kazi wengi wangali hai na hawakuwa na kosa. Nilikuwa na umri wa miaka 53. Katika mwezi wa Juni, ambapo huko kwetu wanachuo huvaa sweta mbili na kwenda mstarini wakipuliza vidole, mimi nilikuwa natoka jasho. Nilifungua madirisha ya ofisi na karani wangu akaanza kuja kazini na khanga mbili za kujifunika. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimeketi. Usiku silali. Nilikula chakula cha watu wawili, na bado nikatoka kilo 74 nikafika 61.

Ndugu msomaji, ukumbuke miaka ile. Mtu mzima akikonda namna ile, watu walijua jambo moja tu, nalo halikusemwa mbele yake. Nilipopita walimu walinyamaza. Mmoja, mtu wa kanisa na rafiki wa kweli, alinifuata nyumbani jioni akanishauri nikapime. Nilikwenda, nikapimwa, nikaambiwa sina virusi. Nilirudi na karatasi yangu mfukoni, lakini karatasi ya mfukoni haizibi mdomo wa mtu. Wala haikunieleza kwa nini chaki ilitetemeka mkononi mwangu.

Kisha ikaja hasira. Sisemi kwamba kabla ya hapo nilikuwa mtu mpole. Mwalimu wa kizazi changu alifundishwa kuwa mkali, na wengi wetu tulifaulu somo hilo kuliko masomo mengine. Lakini hasira hii ilikuwa ya namna nyingine. Ilipanda ghafla, kama maziwa yanavyofura jikoni, na kabla sijajua nimekasirikia nini tayari nilikuwa nimesema. Mke wangu, ambaye tangu tuoane huniita Mwalimu, alianza kunijibu kwa kichwa tu. Watoto waliorudi likizo walikaa jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi Machi 2004 kijana mmoja, mwanachuo, alibisha hodi ofisini mwangu. Alikuwa na miaka 22, mtoto wa mjane, na wenzake walikuwa wamemchagua kiongozi wao wa chakula. Mkononi alikuwa na bakuli. Akaamkia, nikaitikia, akasema, "Mwalimu, wenzangu wamenituma. Tunaomba uyaone maharage." Akaliweka bakuli juu ya meza yangu. Maharage yalikuwa yametobolewa na fukusi, na fukusi wenyewe walikuwa wanaelea.

Fedha za chakula zilikuwa zimechelewa kwa miezi miwili, na bohari ilikuwa imenunua kwa mkopo kile kilichopatikana. Hayo ndiyo maelezo, na yalitosha kumwambia kwa dakika moja. Lakini mimi niliona katika bakuli lile shitaka: kwamba nimekula fedha za wanachuo, na kwamba kukonda kwangu kote ni adhabu ya Mungu. Hakuwa amesema hivyo. Nilisimama, nikalisukuma bakuli likaanguka, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mengine yakimhusu mama yake. Siku ya tatu niliita kamati ya nidhamu. Kikao kilichukua dakika 40. Niliongoza mimi, nilishitaki mimi, na kwa kweli nilihukumu mimi, kwa maana hakuna mwalimu aliyethubutu kuinua macho. Uchochezi na utovu wa nidhamu. Kijana akafukuzwa chuo zikiwa zimebaki wiki tano afanye mtihani wake wa mwisho. Alipoondoka na sanduku lake la bati nilikuwa dirishani, natoka jasho.

Mwezi Agosti mke wangu alikataa kupika mpaka niende hospitali. Daktari aliyenipokea aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu, na karatasi ikatikisika kama jani. Akanishika shingo, akaniambia nimeze mate. Akanitazama macho kwa muda mrefu. Majibu ya damu yalikwenda Dar es Salaam na kurudi. Nilikuwa na ugonjwa wa Graves.

Huko kwetu uvimbe wa shingo si kitu kigeni. Rovu tulilijua tangu utoto, na katika miaka ya 1980 tuliwapanga wanafunzi mstari wameze vidonge vya madini joto, kabla chumvi yote haijaanza kutiwa madini hayo katika miaka ya 1990. Lakini rovu lile ni la tezi yenye njaa. Ugonjwa wangu ulikuwa kinyume chake. Nitaeleza kwa mfano wa chuo, maana sina mfano mwingine ninaoujua vizuri. Tezi iliyo shingoni, wanayoiita thairoidi, ni kama chuo kinachofanya kazi kwa kengele. Kengele hupigwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo; ikipigwa, thairoidi hutoa homoni zake, na kwa homoni hizo mwili hupata mwendo: moyo, joto, tumbo, fikra. Kazi ikitosha, kengele hunyamaza. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo ni askari wa lango, hutengeneza kitu kinachoshika kamba ya kengele na kuipiga usiku na mchana. Mwenye kengele amekwisha nyamaza zamani, lakini chuo kinakimbia. Kinga hiyo hiyo huweza kuingia nyuma ya macho, ikavimbisha misuli na mafuta ya humo, jicho likasukumwa mbele na kope likavutwa juu. Ndiyo maana mgonjwa huonekana amekodoa macho hata akiwa anasali.

Graves alikuwa tabibu wa Dublin, Ireland, na mwaka 1835 alieleza habari za wanawake watatu waliokuwa na mapigo makali ya moyo na tezi zilizovimba. Mwaka 1840 Mjerumani von Basedow akaeleza mambo hayo hayo pamoja na macho, na Wajerumani mpaka leo huuita kwa jina lake. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na kwa miaka mingi waganga wa Ulaya walidhani kwamba ni fadhaa tu ya mishipa ya fahamu. Nalitaja hili kwa sababu lina uhusiano na swali langu. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa tabia ulikuja kugundulika kuwa tezi. Basi kwa nini nami nisiseme hivyo?

Nami nilisema. Msomaji, nilipotoka kwa daktari nilikuwa na furaha ambayo ningali naionea haya. Nilimwambia mke wangu njiani, "Umesikia? Siyo mimi. Ni tezi." Alikuwa ananibebea mfuko wa dawa. Hakujibu kitu.

Dawa ile inaitwa kabimazoli. Ni dawa njema, imewasaidia wengi tangu miaka ya 1950, nayo huizuia tezi isitengeneze homoni kupita kiasi. Lakini ina kisa. Kwa watu wachache sana, pengine wawili mpaka watano katika 1,000, na aghalabu ndani ya miezi mitatu ya kwanza, huzifuta chembe nyeupe za damu ambazo ndizo ulinzi wa mwili. Mtu huyo akipata homa na koo kuuma, hana askari hata mmoja. Dalili ndiyo hiyo tu: homa, koo, vidonda mdomoni. Anayeijua huacha dawa siku hiyo hiyo na kukimbilia kupimwa damu. Asiyeijua huendelea kumeza.

Mimi sikuijua. Nilipewa vidonge katika bahasha ya karatasi, imeandikwa 2 x 3. Katika wiki ya saba koo likaniuma, homa ikapanda. Nikasema ni malaria. Nilinunua dawa ya malaria dukani, nikaendelea na kabimazoli pia, tena kwa bidii, maana nilikuwa mgonjwa mtiifu. Siku ya nne sikuweza kumeza hata maji. Aliyeniokoa ni binti wa dada yangu, muuguzi, aliyekuja kunijulia hali, akachukua bahasha, akasoma, akaniuliza, "Mjomba, walikuambia nini kuhusu koo?" Hakuna aliyeniambia kitu kuhusu koo. Usiku ule nililazwa. Chembe nyeupe zilikuwa karibu zote zimekwisha. Nilikaa siku 11 katika chumba cha peke yangu, natundikiwa dawa za kuua vijidudu, mpaka zikaanza kurudi.

Nilipopata nguvu ya kuzungumza, nilikuwa na jambo moja tu la kuzungumza: daktari. Niliandika kichwani barua ya kurasa nne kwa wakubwa wake. Kwamba alijua na hakusema. Kwamba amecheza na roho ya mtu. Wageni walipokuja kuniona niliwasomea barua hiyo, kila mmoja kwa wakati wake.

Siku ya tisa daktari akaja mwenyewe. Alikuwa kijana, pengine wa miaka 30, kituo kizima kikiwa juu yake. Nilimngojea aanze na foleni ya wagonjwa, na uhaba wa maabara, na kwamba tukio lenyewe ni nadra, na kwamba mgonjwa akitishwa hamezi dawa kabisa. Yote hayo yangekuwa kweli. Akasimama karibu na kitanda akasema, "Mwalimu, nilipaswa kukuambia kuhusu koo. Sikukuambia. Naomba radhi." Basi. Akanyamaza.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Barua yangu yote iligeuka kuwa mzigo usio na pa kuutua. Nikamwambia, "Yamekwisha, daktari." Alipoondoka niligeukia ukutani, kwa sababu nilikuwa nimeliona sanduku la bati.

Ningependa kuandika kwamba nilipotoka hospitali nilimtafuta yule kijana. Sikumtafuta. Mtu aliyesoma hakosi sababu, na mimi nilikuwa na sababu za kutosha miaka 15.

Baada ya tukio lile sikuweza tena kutumia dawa za jamii hiyo. Mwaka 2005 nilipelekwa Dar es Salaam nikanyweshwa madini joto yenye mionzi, tiba iliyoanzishwa na Saul Hertz huko Boston mwaka 1941. Tezi huyavuta madini hayo kama ilivyozoea, na mionzi ikaiunguza kutoka ndani. Kwa wengi ndivyo inavyokuwa: tezi huungua mpaka ikapungukiwa, na mtu humeza homoni ya thairoksini kila asubuhi kabla ya chai kwa maisha yake yote. Ndivyo ilivyo kwangu.

Lakini kabla hawajanipatia kipimo sahihi cha thairoksini, nilipita miezi kadhaa homoni ikiwa chini mno. Na hapo ndipo swali langu lilipopinduka. Nilikuwa mpole! Walimu walichelewa, nikawaambia hakuna neno. Mpishi akaiba mafuta, nikamwambia asirudie. Mke wangu alisema, "Sasa nimepata mume mwingine." Pale chuoni watu walisema Mungu amenigusa. Nami niliyasikia hayo maneno nikayapokea, nikaanza kujiona mtu aliyekomaa kwa mateso. Kumbe nilikuwa nimepoa kama jiko lisilo na mkaa. Daktari alipoongeza kipimo, uvumilivu wangu ulipungua kwa kadiri ile ile.

Tazama basi udanganyifu wa moyo. Hasira ilipokuja niliiandikia tezi. Upole ulipokuja nilijiandikia mwenyewe. Kama ni daftari la mahesabu, mkaguzi yeyote angelikataa. Ama vyote viwili ni vya tezi, na kwa hiyo mimi simo kabisa katika maisha yangu mwenyewe. Ama nimo katika vyote viwili kwa namna fulani, na hapana budi niulizwe.

Aristotle, ambaye tulisomeshwa kwa haraka haraka na ambaye nimemrudia baada ya kustaafu, alitofautisha matendo ya hiari na yale yanayotendwa kwa kutojua. Lakini akaongeza jambo ambalo wanafunzi hulisahau: atendaye kwa kutojua, kisha akajua na asisikitike, huyo hawezi kusema tendo lile lilikuwa kinyume cha nia yake. Masikitiko yanayofuata ndiyo yanayolitenga tendo na mtendaji. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu, nikakifungua tena kesho yake.

Wapo wanaopenda kuuliza maswali haya juu ya wakubwa. Rais George Bush wa Marekani, yule mzee, aligundulika na ugonjwa huu mwaka 1991, baada ya moyo wake kwenda mrama akiwa anakimbia mazoezi; mkewe Barbara alikuwa ameupata kabla yake, na macho yake yaliathirika. Hata mbwa wao alikuwa na ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, na maji ya nyumba zao yakapimwa pasipatikane kitu. Wapo waliouliza kama tezi ya rais ilikuwa na sauti yoyote katika Vita vya Ghuba vya mwaka ule. Sidhani kama swali hilo lina jibu. Naona tu kwamba hatuulizi hivyo pale mkubwa anapofanya jema.

Aliyenisaidia zaidi ni Theodor Kocher, mpasuaji wa mji wa Bern huko Uswisi. Nchi ile ya milima ilikuwa na marovu kama kwetu, naye alikuwa bingwa wa kuyakata, mtu wa mikono safi na mwangalifu sana. Mwaka 1874 alimwondolea tezi yote msichana wa miaka 11. Upasuaji ulifanikiwa. Baadaye habari zikamfikia kwamba msichana yule amedumaa, mwili na akili. Mwaka 1882 mpasuaji mwenzake wa Geneva, Reverdin, akamwambia naye ameona mabadiliko ya ajabu kwa wagonjwa wake. Wakati ule hakuna aliyejua kazi ya tezi hii mwilini. Kocher angeweza kusema: sikujua, hakuna aliyejua. Badala yake aliwaita wagonjwa wake warudi awaangalie mmoja mmoja. Wale walioachiwa kipande cha tezi walikuwa wazima. Wengi wa walioondolewa yote walikuwa wameharibika. Mwaka 1883 alilitangaza jambo hilo mbele ya wenzake, na akaacha kuiondoa tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Watu hukumbuka tuzo. Mimi humfikiria mlangoni, anamngojea msichana yule aingie.

Hata hivyo kulikuwa na tofauti kati yangu na Kocher, na hii niliigundua usiku mmoja, tayari nimestaafu, macho yakinizuia kulala. Nilikuwa nakumbuka mwaka ule wa 2004 siku baada ya siku, natafuta ushahidi wa kujitetea. Nikakumbuka kwamba mwezi ule ule wa Machi alikuja mkaguzi kutoka wizarani. Alikuwa mtu wa dharau. Alinikatiza mbele ya walimu wangu, akaniambia kumbukumbu za bohari ni za mtoto wa darasa la nne. Moyo ulinienda mbio, mikono ilitetemeka, hasira ilipanda kooni. Nikasema, "Ndiyo, Mheshimiwa. Tutarekebisha, Mheshimiwa." Nikamfungulia mlango wa gari.

Siku nne baadaye ndipo kijana akaja na bakuli.

Hasira yangu ilijua vyeo. Katika miezi yote ile ya ugonjwa haikumpanda mtu hata mmoja aliyekuwa juu yangu. Ilimpata karani, ikampata mpishi, ikampata mke wangu, ikawapata watoto, ikampata mtoto wa mjane. Tezi haijui nani ni mkaguzi na nani ni mwanachuo. Tezi iliutia moto. Lakini yupo aliyekuwa akiuelekeza, na huyo hakuwa mgonjwa.

Niseme machache juu ya macho, maana hapo sina hata pa kujificha. Nilikuwa mvutaji wa sigara. Kabla ya tiba ya mionzi niliambiwa waziwazi, na safari hii nilielezwa yote, kwamba sigara huuchochea ugonjwa wa macho, na kwamba tiba ile kwa mvutaji huweza kuuzidisha. Nikapunguza. Sikuacha. Mwaka 2006 nilikuwa naona barabara mbili na magari mawili, na kulala kope hazifungiki. Vidonge vya prednisoloni vilinisaidia kiasi, vikanivimbisha uso, vikanipandishia sukari. Niliacha sigara nikiwa nimekwisha chelewa. Sasa ugonjwa umetulia, kama kawaida yake baada ya mwaka mmoja au miwili, lakini uso umebaki vile ulivyouacha. Nasikia tangu mwaka 2020 Marekani wana dawa mpya, teprotumumabu, inayoweza kulirudisha jicho nyuma, ila kwa baadhi ya watu hupunguza usikivu. Bei yake si ya kujadiliwa na mwalimu mstaafu. Natumia matone. Lugha yetu humwita mtu asiye na haya mwenye macho makavu. Daktari wangu wa macho ameandika hivyo hivyo kwenye kadi yangu, kwa maana yake ya hospitali.

Mjukuu wangu alipokuwa na miaka minne aliniuliza, "Babu, mbona umekasirika?" Nilikuwa nawatazama kuku.

Mwaka 2019 nilisikia kwamba yule kijana, sasa mtu mzima, ana duka la pembejeo Makambako. Nikapanda basi. Katika mkoba wangu niliweka kadi za hospitali zote, na majibu ya damu ya mwaka 2004, na karatasi ya kulazwa. Nilikuwa nimezipanga kwa tarehe.

Duka lilikuwa zuri, mifuko ya mbolea imepangwa mpaka darini. Alinitambua kabla sijasema. Akatoka nyuma ya meza, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti. Shikamoo ile ilinichoma. Nikaanza kueleza. Nilieleza tezi, nilieleza kengele, nikatoa karatasi ya kwanza, nikaonyesha kwa kidole tarehe na kipimo. Alizisoma kweli, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu aliyezoea ankara. Kisha akazirudisha.

"Pole sana, Mwalimu. Uliumwa." Akangoja kidogo. "Lakini leo umekuja kuniomba radhi, au umekuja kunionyesha cheti?"

Nilizirudisha karatasi mkobani. Mikono ilitetemeka, na safari hii damu yangu ilikuwa sawa, nilikuwa nimepima mwezi uliotangulia. Nikamwambia nilimfukuza bila haki. Nikamwambia mama yake hakustahili maneno yale. Aliniambia mama alifariki mwaka 2011, na kwamba hakuwahi kumweleza kwa nini alirudi nyumbani; alimwambia ada imekosekana.

Tukakaa. Mteja akaja, akauziwa mbegu za mahindi kilo mbili, akaondoka.

Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, yale maharage yalikuwa na fukusi?"

Nikasema, "Yalikuwa na fukusi."

Akageuka akamwita binti yake aliyekuwa anahesabu mifuko stoo, msichana wa miaka kama 12, mwenye sare za shule. Akamwambia aniamkie. Kisha akanitazama, akasema, "Mwambie na huyu."

Nikamwambia.